Baba Mdogo Kutoka Ng'ambo

Hapana, bastola hakuitoa Buguruni. Nani kakudanganya? Alikuwa nayo, Beretta, imelala kwapani ndani ya kaunda suti. Lakini Fakihi, kachero wa serikali, hakuwaga mtu wa kutoa chuma kwa ajili ya kijitu kama Kondo. Kondo unamtolea chuma? Kondo unamtolea kidole tu, anatapika yote.

Alimkuta kwa kinyozi, povu limemjaa mashavuni.

Fakihi akamnong'oneza kinyozi akanywe chai. Akauchukua wembe yeye. Akauweka shingoni mwa Kondo, taratibu, kama mtu anayemenya embe.

"Shikamoo kaka," Kondo akasema, macho kwenye kioo.

"Salamu yako baki nayo. Nataka habari ya binti wa Temeke."

Sasa ngojeni niwaambie huyu Kondo ni nani, maana nyie mmezaliwa juzi. Wakati ule wenzake wanaume wako mashambani, viwandani, bandarini, nchi inajengwa. Yeye anashinda mjini nje ya balozi za watu, tai ya kuazima, mkoba hauna hata karatasi ya kufungia karanga, anafundisha watoto wa watu kudanganya. Ndiyo kazi yake, na anajiita mshauri.

Mtoto kapata nafasi ya kusoma ng'ambo, anaomba viza, anaulizwa: una ndugu nje ya nchi? Swali dogo kama punje ya mtama. Kondo anamvuta pembeni. Ukisema unaye, watajua unakwenda kuhamia, watakunyima. Sema huna.

Mtoto anasema hana.

Halafu ile siri ya mtoto Kondo anakwenda kuiuza. Mkono huu anakufunga kamba shingoni, mkono huu anauza ncha ya kamba. Hata fisi ana haya kuliko huyo.

Binti wa Temeke aliitwa Eufrazia. Baba yake, marehemu Polikarpo, alikuwa mchonga vinyago, watu wa kusini hao. Binti kichwa chake moto, kapata nafasi ya kusomea udaktari. Na alikuwa na baba yake mdogo, Kasimiri, aliyepanda meli enzi za Mwingereza asirudi. Huyo ndiye Kondo aliyemwambia asimtaje.

Basi majuzi Kasimiri akatokea.

Katokea na Peugeot 404 nyeupe, miwani ya jua, suti ya terilini. Anaijua familia nzima, na jina la babu, na mto waliokuwa wakioga utotoni. Anjelina, mama yake Eufrazia, yeye aliolewa Kasimiri keshaondoka, kwa hiyo sura yake hakuwahi kuiona. Akapiga vigelegele. Shemeji karudi.

Shemeji akamwita binti uani, akamwambia polepole: ubalozini umesema huna ndugu nje, na mie nimetoka nje. Nikinyanyua simu tu, masomo yako yamekwisha. Siku ya safari utambebea rafiki yangu kinyago.

Binti akalia siku hizo zote. Kwa mama yake akasema ni mafua.

Haya yote Kondo aliyamwaga pale kwenye kiti, bila wembe kumgusa hata kinywele. Akaapa kwamba yule jamaa ni Kasimiri mwenyewe, na kwamba leo anakwenda Temeke kwenye karamu ya kumuaga binti. Fakihi akamfuta povu, akamkabidhi kwa askari wawili waliokuwa wanajifanya wanakula mihogo.

Akapanda Honda yake.

Nyuma ya pikipiki pana boksi la kamera. Ndani ya boksi, simu ya upepo, mkubwa wake anamwita.

"Jembe, Jembe, hapa Nyundo."

"Jembe anasikia."

"Ni baba yake mdogo kweli?"

"Kondo anaapa ni yeye."

"Kondo anaapa hata kwa mkia wa panya. Kama ni ndugu, hayo ni mambo ya nyumbani kwao, usituaibishe. Kama si ndugu, basi ni mtu wa Makaburu, mlete. Mzima."

"Sawa."

"Utamjuaje?"

"Nitampiga picha."

Temeke kumejaa watu. Kuku wameiva, wali wa nazi unanukia mpaka barabarani. Bibi Margareta, mama yake Anjelina, kaja na basi kutoka Newala kumuaga mjukuu. Hakuna aliyegusa chakula, wanamngoja mgeni mkubwa.

Fakihi akajitambulisha mpiga picha, kaletwa na wana kwaya. Yashica begani, miguu mitatu ya kamera mkononi. Nani atamfukuza mpiga picha?

Peugeot ikaingia. Jamaa akateremka, kapakata kinyago cha mpingo kama mtoto mchanga. Anatafuna Kiingereza na Kiswahili pamoja. Saa yake Seiko anaionyesha hata kwa kuku.

Anjelina akamwambia, shemeji, yule pale kwenye mkeka ndiye mama yangu mzazi.

Sasa hapo ndipo sikilizeni.

Kwetu kusini, mama wa mke ni mkwe wa ukoo mzima. Ndugu wa mume hamsogelei. Ukimwona njiani unaiacha njia. Mkeka mmoja hamkai. Kumgusa, Mungu apishie mbali. Kitoto kinachoota meno kinajua. Ukae ng'ambo, ukae mwezini, ukirudi mwili wenyewe unakataa.

Fakihi alikuwa mtu wa kusini. Makaburu waliomtuma yule jamaa hawakuwa.

"Tupige picha ya familia kabla ya kula," Fakihi akasema. "Bibi kwenye benchi hapa. Baba mdogo, wewe ubavuni kwake."

Bibi Margareta akajifunika kanga usoni, anajua mpiga picha kichaa. Watu wanamtazama shemeji, wanangoja akatae, acheke, akimbie nyuma ya nyumba.

Shemeji akasema okei.

Akakaa. Paja kwa paja na mkwewe. Akamtupia mkono begani.

"Mama, cheka kidogo basi."

Mwiko ukamdondoka Anjelina.

Fakihi akabonyeza. Che!

"Asante," akasema. "Imetoka vizuri. Makaburu wanakuitaje, bwana?"

Mkono wa jamaa ukazama kotini. Haukutoka na kitu. Miguu ya kamera ilikwishashuka kwenye kiwiko, kah! Bastola ikatumbukia kwenye karai la maji ya kunawa. Jamaa akaruka benchi, akakanyaga pindo la terilini yake mwenyewe, akalala kifudifudi kwenye maganda ya vitunguu. Suti yote ile.

Kinyago kikapasuka.

Tumboni kilikuwa na shimo, limezibwa kwa nta. Ndani mna filamu: kambi za wapigania uhuru, moja baada ya nyingine. Zingefika kwa Makaburu, ndege zingejua pa kuangusha mabomu.

Landrova ikaja kumzoa. Wala Fakihi hakuitazama ikiondoka.

Alikuwa anamtazama Eufrazia.

"Mie sikujua ndani mna nini," binti akasema. "Nilijua tu nikikataa, siendi."

"Alikukamatia nini?"

"Baba mdogo niliyemficha."

"Basi nenda ubalozini kamtaje. Ukishamtaja, hakuna mwenye cha kukushikia tena."

"Wakininyima?"

"Afadhali wakunyime ukiwa mkweli. Kuliko wakupe ukiwa mtumwa."

Akampakia kwenye Honda mpaka mjini. Angeweza kuingia naye, kitambulisho chake kilikuwa kinafungua milango migumu. Hakuingia. Alikaa nje, akawasha sigara yake, Sportsman.

Ndani kuna mzungu mwekundu, uso kama mtu aliyelala na viatu. Eufrazia akamwambia kwa Kiingereza chake cha masista kwamba alisema uongo. Anaye baba mdogo, Kasimiri, aliondoka na meli, hajui kama yu hai. Mzungu akauliza kwa nini alificha.

"Nilifundishwa na mjinga, na mie nikawa mjinga."

Mzungu akauliza kama anakwenda kumtafuta huyo baba mdogo, wakae wote huko.

"Bibi yangu macho yanakufa," Eufrazia akasema. "Nikibaki huko, nani atamtibu?"

Yule mzungu akamtazama, akatazama dirisha, akamtazama tena. Halafu akaandika jina la Kasimiri, akagonga muhuri.

Waliporudi Temeke jua limelegea, na wali bado umefunikwa. Nani angekula mtoto hajarudi? Bibi Margareta keshaoga mara mbili kujitoa mkono wa lile jitu. Eufrazia akainua pasi yake juu, Anjelina akaketi chini palepale akalia.

Fakihi akaikunja miguu ya kamera. Akatembea kuelekea Honda, polepole, bila kuaga.

"We mpiga picha," Bibi Margareta akaita. "Umeniaibisha mbele za watu, halafu unaondoka na njaa yako?"

Mtu aliyewahi kuvuka Ruvuma chini ya risasi akasimama. Akarudi. Akavua viatu.

Karai likapita, watu wakanawa. Anjelina akafunua sufuria, mvuke ukapanda, na wote wakakaa mkekani kula.