Siri ya Ngozi Yangu

Maji ya beseni yalikuwa mekundu...

Nilidhani mdogo wangu Nyanchera amejikata na kisu cha kuchongea. Kwetu Tabaka, kijiji cha wachonga mawe ya sabuni, hilo si habari.

Kisha akageuka. Jamani!

Mashavu yote mawili yamechubuka. Mkononi ana msasa, ule laini tunaomalizia vinyago.

"Nyanchera! Unafanya nini?!"

"Hata jiwe hutoka machimboni likiwa chafu. Ukisugua na maji, weupe unatoka."

"Nani amekwambia uso ni jiwe?"

"Si wewe ulininyima siri!"

Nikampokonya ule msasa.

Wafuasi wangu elfu sita, leo naungama. Nilihamia Kisii mjini mwaka jana. Kazi yangu ikawa kuperuzi sura za mabinti weupe kutwa, mpaka yangu ya kwenye kioo ikanichosha. Ile rangi mnayoisifia ni filta ya simu. Mkiniuliza siri, nawajibu kunywa maji mengi, kulala mapema.

Nyanchera naye aliniuliza kwa simu. Nikamjibu hivyo hivyo, damu yangu mwenyewe!

"Nimekunywa maji miezi miwili," akasema. "Nikajua unanificha."

Hapo ndipo aliponitazama vizuri. Mwaka mzima, hadi nilipofika nyumbani juzi, alikuwa ananiona kwa simu tu.

"Lakini... mbona wewe bado ni mweusi?"

"Ni filta, Nyanchera. Sijawahi kubadilika."

Nikasubiri matusi. Kusema kweli nilitaka anizabe kofi, labda ningehisi kitu.

Akaninyooshea simu yake.

"Basi niwekee na mimi."

"Twende kwanza kwa daktari."

"Niwekee kwanza!"

Nikamwekea, ili tu akubali kuondoka. Kwenye skrini vidonda vyote vikapotea. Akatabasamu, akajipiga picha, damu ikimtiririka hadi kidevuni.

"Aki, kumbe mimi ni msupa, mrembo hivi!"

Nilijaribu kulia. Machozi yalikataa.

Daktari amesema makovu yatabaki. Mama hajanisemesha tangu juzi, na simlaumu.

Leo asubuhi Nyanchera ameiposti ile picha. Wasichana wa kwetu wameshajaa kwenye komenti wakimuuliza anatumia nini. Nimemsihi aitoe, amekataa.

Dada zangu, mficha uchi hazai. Msichana akikuuliza siri ya ngozi yako, mwambie ukweli siku hiyo hiyo.

Picha ya hapo chini ni mimi, bila filta. Mtakaoniacha, niacheni tu. Ila kabla hujaondoka, pitia kwa Nyanchera uwaambie wale wasichana kwamba ni filta.