Jaji Hapewi Matabisi

Soko la samaki la Kisangani lilimjua Madina kwa matabisi yake. Ukinunua samaki wake wa kukaushwa, alikuongezea kipande juu, bure. "Matabisi," alisema, "ili urudi." Na watu walirudi kweli.

Lakini mwaka huo Madina alipata shida kubwa. Mumewe Alfani, fundi seremala, alitupwa gerezani. Kosa lake? Alikataa kuhama kiwanja cha marehemu baba yake. Mkubwa mmoja wa mji alikitaka. Basi, hilo tu! Wakasema Alfani ameiba mbao.

Kesi ikafika kwa Jaji René. Jaji akatafuta ushahidi, hakuona kitu. Simu ikapigwa kutoka juu: mfunge. Jaji René hakukubali kumfunga mtu kwa simu. Akamwachia Alfani. Alfani akarudi nyumbani amekonda, na watoto wakamng'ang'ania mlangoni.

Furaha haikudumu. Jaji akasimamishwa kazi. Akaitwa mbele ya baraza la nidhamu, eti alikula rushwa ya Alfani. Na jaji akianguka, hukumu yake nayo ingefutwa. Alfani angerudi ndani, na kiwanja kingekwenda.

Madina alifanya nini? Alichagua samaki wa kapitene mkubwa kuliko wote, akamkausha kwa moto wa polepole. Akavaa liputa, kitenge chake cha sikukuu, akaweka beseni kichwani. Njiani akakutana na jirani yao Chimène, ambaye ni wakili, na watu humwita Maître.

"Yaya Madina, dada yangu, unaenda wapi, umevaa muzuri hivi?"

"Kwa juge. Ile mutu alitoa bwana yangu mu gereza, na leo iko na mateso ju yetu. Nitamushukuru na mikono tupu? Niko mutu ya adabu, Maître."

Chimène akashika beseni kwa nguvu. "Rudi! Rudi mbio, yaya! Unataka kumuua?"

"Kumuua na samaki?"

"Ndiyo, na samaki! Wanasema mulimupa kitu, na ushahidi hawana. Alors wewe mwenyewe unawabebea ushahidi kwa kichwa, muchana, watu wote wanaona!"

Madina akakaa chini pembeni ya barabara, akalia. "Sikujua, Maître. Kwetu mutu akikusaidia, unamuongezea."

"Kwa soko, ndiyo. Lakini juge hakumusaidia Papa Alfani. Alifuata sheria. Akipokea samaki yako leo, kesho mukubwa atamuletea ngombe. Wewe utaweza ngombe?"

Madina akafuta machozi. "Bon. Sasa nifanye nini?"

"Kuja siku ya kesi, useme kweli. Na hatuko peke yetu. Mawakili ya inchi ingine wanakuja kukaa na sisi."

"Wageni? Iko na nguvu gani hapa?"

"Nguvu hawana. Iko na macho. Mutu anaogopa kufanya mubaya mbele ya watu wenye wataenda kusema kila fasi."

Siku ikafika. Baraza lilitaka kufunga milango. Chimène na wageni wakaomba ibaki wazi, na ikabaki wazi. Benchi la mbele walikaa mawakili wawili wenye majoho meusi: Nasra kutoka Kenya, na mwenzake kutoka Togo. Huyu wa Togo hakujua hata neno moja la Kiswahili. Alikaa tu, akaangalia kila kitu.

Madina akamnong'oneza Nasra: "Mama, umetoka mbali hivi ju ya juge yetu. Sababu gani?"

"Jaji wenu akitishwa na sisi tukanyamaza, kesho atatishwa wa kwetu," Nasra akajibu. "Siku hiyo tutamwita Chimène, naye atakuja kukaa benchi la mbele."

"Kiswahili yako iko ya kitabu," Madina akasema, "lakini nimesikia."

Kisha akaitwa yeye. Mshitaki akamkazia macho. "Mama, ulimpelekea jaji kitu?"

Angeweza kusema hapana, kisha akae. Akamtazama Alfani.

"Mbele ya hukumu, hapana," akasema. "Nyuma yake, bwana yangu akiisha kutoka, nilibeba samaki. Maître akanirudisha njiani. Juge hajaona hata mukia."

Mkuu wa baraza akauliza, "Kwa nini umetuambia hilo?"

"Ju munaniuliza kweli, papa."

Mkuu akamgeukia mshitaki: kuna shahidi mwingine? Hakuna. Kuna karatasi yoyote? Hakuna. Akawatazama wageni wale wawili, akatazama milango iliyo wazi na watu waliosimama hadi nje. Mashtaka yakatupwa. Jaji René akarudishwa kazini, na hukumu yake ikabaki. Alfani akalia mbele ya watu wote, wala hakuona haya.

Wiki chache baadaye jaji alipita sokoni. Akachagua samaki, akalipa bei ya kila mtu. Mkono wa Madina ukaenda wenyewe kwenye vipande vya kuongeza. Akauzuia.

"Juge, kwako hakuna matabisi."

"Asante sana, mama," jaji akasema, akaondoka na samaki wake mmoja.