Picha Iliyotumwa kama Faili

Uliiona picha ile. Usijifanye mgeni. Uliipakua kwenye simu yako mwezi uliopita: ukurasa wa daftari la vipimo vya maji, neno "chafu" limekatwa kwa kalamu nyekundu na juu yake pameandikwa "salama". Ukasonya, ukawatumia wenzako, ukajaza birika maji yaleyale, ukaendelea na chai. Hukuuliza ni nani aliyeipiga. Basi leo utamjua.

Alikuwa mpima maji kwenye maabara ya jiji, miaka tisa kazini, mwepesi wa kucheka na mgumu wa kusahau. Alikutana na mwandishi wa habari katika ofisi ya vitambulisho, Ijumaa asubuhi, watu wamebanana kwenye mabenchi hadi mlangoni. Yeye alivaa gauni la manjano lenye vifungo vyeupe. Mwandishi alivaa shati la buluu ambalo pasi ililisahau upande mmoja. Kila kamera ilipomulika, mwandishi alifumba macho. Mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Foleni ikaanza kunung'unika.

"Kaka," mpima maji alimwambia kutoka nyuma, "fumbua macho au utupishe. Wengine tuna kazi."

"Njoo usimame mbele yangu, dada, uone kama nitafumba tena."

Akaenda, watu wakacheka, na picha ya sita ikatoka amekenua meno yote. Tangu siku hiyo mwandishi akawa Kope, naye akawa Dokta Maji, na simu zao hazikupoa. Siku ya kuzaliwa ya Dokta Maji, Kope alimletea simu mpya, ya aina ambayo kazini kwao hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Yeye aliipitisha korido nzima ya maabara kama mtu aliyevishwa taji.

Ni kwa simu hiyo alipiga ule ukurasa, akiwa zamu peke yake. Wiki tatu watoto wa mtaa wa dada yake walikuwa wanaharisha, na bosi anamwambia kalamu nyekundu haimhusu. Kope aliapa kwamba hakuna atakayemjua. Akamwelekeza na namna ya kutuma: asiitume kama picha ya kawaida, ingefifia na mhariri angeikataa, aitume kama faili, ifike kama ilivyo.

Ikafika kama ilivyo. Kope akakata ukingo, akaziba kwa doa la kijivu kidole cha Dokta chenye pete kilichoingia pembeni, akampigia kumwambia alale usingizi. Gazeti likaiweka mtandaoni, aitakaye aipakue.

Siku ya tatu mkuu wa utumishi alimwita mpima maji. Mezani palikuwa na karatasi moja tu. Alimweleza taratibu, bila kupaza sauti, kwamba picha hubeba ndani yake maelezo ambayo macho hayaoni, na fundi wa kompyuta alikuwa ameyatoa: aina ya simu, tarehe, saa moja na dakika arobaini na mbili asubuhi, na mahali, jengo lao hasa. Kisha akaomba kuiona simu yake. Mpima maji aliiweka juu ya karatasi, wala hakukana.

Alimpigia Kope akiwa bado kwenye ngazi.

"Umeniuza?"

"Mpenzi, niliziba kidole, nikaziba na pete..."

"Ukaziba kidole, ukaacha simu uliyonipa mwenyewe. Wewe ndiye uliyesema faili, na faili haifuti kitu. Ulijua au hukujua?"

Kope akarudia habari ya pete. Mpima maji akakata, akamfungia namba.

Akasimamishwa kazi, akarudi kwa mama yake. Siku kumi na moja alijiambia kwamba Kope hakumpenda yeye, alilipenda daftari. Ya kumi na mbili mlango ukagongwa. Kope, shati halijaona pasi kabisa, gazeti mkononi. Mama mtu alimkagua kuanzia viatu.

"Wewe ndiye wa faili?"

"Ndimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Ingia, ila usikae."

Aliingia, hakukaa. Gazetini, ukurasa wa kwanza, alikuwa ameandika kwamba picha imeondolewa na kwamba aliyefichua jina la mtu mwema ni yeye mwandishi, kwa uzembe wake. Mhariri alikuwa amekataa kuichapa habari hiyo mpaka Kope alipoweka barua ya kuacha kazi mezani.

"Hukunijibu siku ile," mpima maji alisema.

"Sikujua. Na kutojua ndilo kosa lenyewe, Dokta. Kazi yangu ni kujua."

Mpima maji hakuyatarajia maneno hayo. Alikuwa amejiandaa kusikia visingizio.

"Jumatano nina kikao cha nidhamu. Nataka mtu wa kuingia na mimi."

"Wataniuliza ninaingia kama nani."

"Na utawajibu nini?"

"Kama mchumba wako. Ukinikubali." Kope alikuwa amefumba macho, kama kawaida yake.

"Fumbua kwanza," akamwambia, "ndipo uniulize."

Akafumbua, akauliza, akajibiwa ndiyo. Mama mtu akamruhusu kukaa.

Sasa ni zamu yako. Picha ile bado imo simuni mwako, na saa na mahali vimo ndani yake. Ifute sasa hivi, na uliowatumia waambie waifute. Kisha chukua chupa, kinga maji ya bomba lako, bandika karatasi, andika kwa herufi kubwa tarehe, mtaa na jina lako kamili. Jina lake yeye wakubwa wa maabara wanalo tayari. Wasilione likiwa peke yake. Jumatano, saa tatu asubuhi, getini pa maabara. Usije mikono mitupu.