Virusi Vilimuumbua Mume Wangu

Jamani, mume wangu alikuwa amejificha kwa mdogo wangu wa tumbo moja! Na aliyewaumbua si jirani... ni virusi!

Nafanya kazi maabara. Shule moja ilikumbwa na tetekuwanga, tukaletewa sampuli tusome vinasaba vya virusi, tujue ilikoanzia. Mimi niliwekwa kwenye kompyuta tu. Nina mimba, na tetekuwanga sijawahi kuugua. Nikiipata sasa, mimi na mtoto wangu tuko hatarini.

Virusi vya watoto wote vilifanana na vya mtoto wa mdogo wangu, anayesoma hapo. Vya kwake vikafanana na vya mtu mzima mmoja...

"Huyu nani?" nikamuuliza bosi.

"Mwanaume. Wauguzi walimkuta nyumbani kwa huyo mtoto, anaumwa mkanda wa jeshi. Tetekuwanga ya utotoni ililala mwilini, sasa imeamka."

Mwanaume gani? Mdogo wangu hana mume! Wangu naye yuko safari ya kikazi, mwezi sasa...

Sikuaga mtu. Nilifika kwa mdogo wangu, nikasukuma mlango.

Alikuwa kwenye kochi, kifua wazi, ubavu umejaa magamba ya malengelenge. Mdogo wangu anampaka dawa!

"Mume wangu na damu yangu!"

"Usinisogelee!" Mume wangu akaruka hadi ukutani.

"Leo unanikimbia?"

"Nilikukimbia nisikuambukize! Ningekwambia, ungekuja kuniuguza. Si nakujua?"

Nilikuja kupigana, nikabaki nalia. Nilimpenda upya, sifichi.

Lakini mdogo wangu hakuniangalia.

"Dada... ile Jumapili tuliyokuja kwako, wiki mbili zilizopita..."

"Mtoto alilala kifuani kwangu. Kwani vipi?"

"Nilimleta usije ukashtuka mbona hatuji. Kesho yake akatoka vipele."

"Si ulisema kaugua juzi, na wenzake?"

"Niliogopa, dada!"

Tangu asubuhi mgongo ulikuwa unaniwasha. Nilidhani joto. Nikageuka, nikapandisha blauzi.

"Niangalie."

Akaangalia. Akaona vipele, akaanza kulia.

Nawaandikia kutoka wodini, chumba cha peke yangu, dripu mkononi. Mtoto tumboni leo kacheza mara moja tu... Daktari anasema tusubiri.

Ndugu zangu, msimfiche mtu ugonjwa eti mnampenda. Siri yao haikuvizuia virusi. Ilinizuia mimi kujikinga.