Kulabu Isiyoogopa Kicheko

Nyumba ya Fundi huamka na sauti mbili. Ya kwanza ni ya cherehani yake barazani: tatatata, kimya, tatatata. Ya pili ni kicheko cha dada yake mkubwa. Kicheko hicho hutangulia, mwenyewe hufuata.

"Huyo anakuja," mke wa Fundi husema jikoni. "Ongezeni kikombe."

Dada huyo anauza sahani na vikombe sokoni. Watoto wa Fundi wanamwita Shangazi, basi mtaa mzima nao unamwita Shangazi, hata wazee waliomzidi umri. Ni mwanamke wa mwili, mwenye sauti ya kujaza ukumbi. Akicheka hacheki kwa mdomo tu. Hucheka kwa mabega, kwa tumbo na kwa mikono, na aliye karibu naye na asogee pembeni.

Shangazi ndiye aliyekuwa akiongoza kikundi cha uimbaji cha akina mama wa soko. Soko jipya lilikuwa limejengwa, lenye paa na meza za saruji. Siku ya kulifungua ilikuwa inakaribia, na kikundi kilialikwa kuimba. Fundi aliwashonea wote sketi za kijani, zenye zipu ubavuni na kulabu moja juu ya zipu.

Kulabu ni kidude kidogo cha waya kilichokunjwa kama kidole. Huingia katika kitanzi cha waya kilichoshonwa upande wa pili wa mkanda. Hapo mkanda hufunga kiunoni, na zipu hutulia chini yake. Kulabu ikifunguka, zipu nayo hutafuta njia ya kushuka.

Siku moja ya mazoezi ukumbini, mama mmoja alikosea maneno ya wimbo. Shangazi akacheka kama kawaida yake. Mkanda ukaachia, zipu ikateremka, na sketi ikafuata mpaka chini. Bahati nzuri alikuwa amevaa shimizi ndefu. Ukumbi mzima ulicheka. Aliyenyamaza ni Shangazi peke yake.

Kesho yake cherehani ililia, lakini kicheko hakikusikika. Mke wa Fundi alishtukia mtu amesimama mlangoni.

"He, wifi! Leo umeingia kama mwizi. Hata kikombe chako sijakiweka."

Shangazi alimpita mpaka barazani kwa Fundi. Aliiweka sketi juu ya cherehani.

"Mdogo wangu, tazama kazi ya mikono yako. Imenivua nguo mbele za watu."

Fundi aliigeuza sketi, akaivutavuta kulabu. "Pole sana, dada. Lakini tusidanganyane. Tatizo ni kicheko chako. Kinaivuta kulabu mpaka inashindwa. Dawa yake ni kubana."

Akaibana sketi. Shangazi akaivaa kwa taabu.

"Unapumua?" Fundi aliuliza.

"Kwa zamu," alijibu Shangazi.

Aliinama kuokota mkoba wake. Pap! Kulabu ikafunguka.

Fundi akaweka kulabu kubwa zaidi kwa uzi mnene. Shangazi akakaa kwenye kigoda. Pap! Fundi akaongeza pini. Shangazi akaruka.

"Wewe! Mimi ni dada yako au mto wa kuchomekea pini?"

Kisha sauti yake ikashuka. "Basi, yaishe. Siku ya soko nitasimama nyuma kabisa. Mwingine aongoze. Nitaimba, lakini sitacheza wala sitacheka."

Mke wa Fundi aliweka mwiko chini. "Wifi, usinitanie. Mimi niliolewa katika nyumba hii kwa sababu ya kicheko chako. Mdogo wako alikuwa nyongeza."

"Nyongeza nimesikia," alisema Fundi.

Lakini Shangazi hakutabasamu hata kidogo. Hapo mke wa Fundi aliona kwamba jambo limekuwa zito. Alifunga khanga yake vizuri, akatoka kwenda nyumba ya jirani.

Jirani huyo ni sonara. Hutengeneza mikufu na hereni katika chumba cha mbele cha nyumba yake, na watu humwita Bi Mkufu. Alikuja na miwani juu ya paji la uso na koleo ndogo mfukoni. Hakuivuta kulabu kama Fundi alivyofanya. Aliuliza kwanza.

"Inafunguka wakati gani?"

"Nikicheka," alisema Shangazi. "Nikiinama. Nikikaa."

"Na ukivuta pumzi kuimba kwa sauti kubwa?"

Shangazi alifikiri kidogo. "Hapo haifunguki. Hapo inanibana kabisa."

"Mmesikia?" Bi Mkufu alimgeukia Fundi. "Nipe kidole chako cha shahada. Kikunje. Nami nakunja changu. Tushikane. Sasa vuta!"

Walivuta. Kigoda cha Fundi kilikwaruza sakafu, lakini vidole havikuachana.

"Sasa acha kuvuta. Nisogelee."

Fundi alisogeza mkono mbele kidogo. Vidole vikaachana vyenyewe.

"Umeona? Kulabu haifunguki ikivutwa. Inafunguka ikilegea. Shangazi akivuta pumzi, tumbo linatoka, mkanda unakaza, na kulabu inashika. Akicheka, tumbo linaingia ndani. Mkanda unalegea na kulabu inarudi nyuma. Inachomoka kwenye kitanzi. Tumbo likitoka tena, linakuta mlango uko wazi."

"Lakini mimi niliibana," alisema Fundi.

"Ndiyo, na yeye akaingiza tumbo ndani ili apate kupumua. Ukaisaidia kulegea."

Fundi alijishika kichwa. "Kumbe nimekuwa nikimpaka mtu dawa ya mguu, naye anaumwa jino! Dada, nisamehe. Nimekisingizia kicheko chako."

"Umekisingizia sana," alisema Shangazi.

Bi Mkufu alitoa kipande cha waya wa shaba njano. Aliupinda kidogo, akauachia. Waya ukarudi ulivyokuwa.

"Waya mzuri ni huu unaorudi," alieleza. "Ule laini ukipinda umepinda, mdomo unabaki wazi. Na shaba haishiki kutu kama chuma, kwa hiyo jasho halitaitia nguo madoa ya kutu."

Kwa koleo yake alipinda pete mbili ndogo za kushonea, halafu shingo, halafu kidole. Kisha akaubana waya ndani ya mdomo wa kulabu mpaka ukafanya nundu.

"Hii nundu ndiyo mlinzi. Kitanzi kikiingia kinaipanda, kinashukia upande wa pili. Mkanda ukilegea, kitanzi kinagonga nundu na kubaki ndani. Hakitoki mpaka mkono wa mtu ukisukume."

Fundi aliishona harakaharaka. Shangazi akavaa sketi. Tak! Ikafunga. Akainama, ikashika. Akakaa, ikashika. Wote wakapiga makofi.

"Sasa fungua," alisema Bi Mkufu.

Shangazi alijaribu. Haikufunguka. Fundi akajaribu. Haikufunguka. Mke wa Fundi akajaribu kwa mikono miwili, ulimi nje.

"Jamani," alisema Shangazi, "fanyeni upesi. Nimekunywa chai."

"Vumilia kidogo, dada."

"Nimekunywa vikombe vitatu!"

Fundi alinyakua mkasi, akakata uzi. Shangazi alikimbilia chooni ameishika sketi kwa ngumi. Wale watatu waliobaki barazani walicheka mpaka wakashikana mabega.

"Kosa langu," alisema Bi Mkufu akifuta machozi. "Nundu ilikuwa kubwa mno. Kishikizo kizuri hufunga nguo, hakimfungi mwenye nguo."

Aliipunguza nundu kwa tupa, kidogo kidogo, huku akijaribu kila mara kwa kitanzi. Aliilainisha pia, isije ikakwaruza ngozi. Mwishowe kitanzi kiliingia kwa msukumo mdogo na kutoka kwa msukumo mdogo. Kikiachwa chenyewe, hakikutoka.

Sasa ilikuwa zamu ya Fundi. Aliichukua kulabu ya zamani akaiangalia vizuri, na safari hii yeye ndiye aliyeeleza.

"Tazama, jirani. Hii nimeishona kwenye pete mbili tu. Shingo nimeiacha huru. Kwa hiyo kichwa kinainuka kama cha kuku anayetafuta njia ya kutoroka. Tena nimeishona kwenye kitambaa cha tabaka moja, ndiyo maana kinajikunja."

Alikunja mkanda ukawa wa tabaka mbili, akatia kipande cha kitambaa kigumu katikati. Akashona pete zote mbili za kulabu mpya, sindano ikizunguka na kurudi. Akashona shingo pia, karibu na kidole, kulabu ikalala bapa. Aliiweka ndani kidogo ya ukingo, ili nguo iifunike. Upande wa pili akashona kitanzi mahali ambapo kulabu inafika bila kulazimishwa.

"Na ziwe mbili," aliongeza. "Moja ikisinzia, nyingine iko macho."

"Hapo umenifundisha," alisema Bi Mkufu, akapinda ya pili, na Fundi akaishona.

Shangazi akavaa tena. Akainama, akakaa, akainua mikono, akaruka. Kulabu hazikutikisika. Akazifungua mwenyewe kwa vidole viwili, akazifunga tena.

"Haya, wifi," alisema mke wa Fundi. "Cheka tuone."

Shangazi alifungua mdomo. "Ha. Ha."

"Hicho ni kikohozi."

Mke wa Fundi alitundika vijiko masikioni kama hereni. Fundi alisimulia kichekesho chake cha mbuzi, kile ambacho familia nzima inakijua kwa moyo. Shangazi alijitahidi, kisha akaketi. Macho yake yalikuwa na machozi.

"Hakiji," alisema. "Kikifika kooni, nakumbuka siku ile. Naogopa, jamani."

Mke wa Fundi alimkumbatia. Bi Mkufu alirudisha koleo mfukoni. "Upande wa kulabu tumemaliza," alisema. "Hofu haina koleo. Tuipe muda."

Alipokuwa akitoka, alimtazama Fundi kiunoni. "Na hiyo kulabu ya suruali yako? Naiona inaning'inia kwa uzi mmoja."

"Ya kwangu haina neno," alisema Fundi. "Mimi sichezi, wala si mtu wa kuchekacheka. Tuwahudumie akina mama kwanza."

Wakawahudumia. Bi Mkufu alipinda kulabu za kikundi kizima, na Fundi akazishona zote, pete na shingo. Siku ya soko ilipofika, akina mama walimsukuma Shangazi mbele. Alikubali, lakini mkono wake mmoja haukutoka kiunoni.

Soko lilijaa watu. Fundi na mkewe walisimama karibu kabisa na waimbaji. Wengine walitazama nyuso za waimbaji. Fundi alitazama viuno. Wimbo ukaanza. Shangazi aliimba vizuri, ila aliimba kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani. Ikafika sehemu ya kuinama. Akina mama wakainama, wakainuka, wakainama tena. Hakuna sketi iliyoachia.

Fundi alishindwa kujizuia. Aliruka, mikono juu. "Imeshika! Zote zimeshika!"

Alipotua, alishusha pumzi ndefu ya furaha. Tumbo lake likaingia ndani. Na ile kulabu ya uzi mmoja, iliyokuwa haina neno, ikaachia.

Suruali ilishuka mpaka magotini. Ndani, Fundi alikuwa amevaa kaptula pana yenye maua makubwa mekundu. Aliishona mwenyewe, kwa mabaki ya pazia la sebuleni.

Mkewe alifunika uso. "Mganga hajigangi! Simama nyuma yangu, mume wangu. Kumbe ndiko lilikoishia pazia langu!"

Shangazi aliona yote kutoka mbele. Mkono wake uliondoka kiunoni ukakimbilia mdomoni, lakini ulichelewa. Kicheko kilimtoka kwa mabega, kwa tumbo, kwa mikono. Kilijaa soko lote mpaka kwenye paa. Kikundi kikaacha kuimba, nacho kikacheka. Ghafla Shangazi alikumbuka, akajishika kiuno kwa hofu.

Kulabu zote mbili zilikuwa mahali pake.

Akazipapasa tena. Kisha akainua mikono yote miwili juu, akacheka upya, kwa makusudi sasa, kwa nguvu zake zote. Machozi yalimtiririka. Na katikati ya kicheko hicho hicho akaushika wimbo pale ulipoachwa, na soko zima likaitikia.

Kesho yake asubuhi, kicheko kilitangulia njiani, na kikombe kilikuwa kimeshawekwa. Shangazi alimkuta mdogo wake barazani amejifunga shuka, suruali iko mapajani, sindano iko mkononi.

"Umeshona na shingo?" aliuliza.

"Nimeshona."

"Nundu ipo?"

"Bi Mkufu aliitia jana hiyohiyo."

Fundi aliingia ndani, akarudi amevaa suruali. Shangazi alivuta kigoda, akaketi mbele yake, akakunja mikono kifuani.

"Haya, mdogo wangu," alisema. "Cheka tuone."