Sindano Atafuta Saa ya Zamani

Majirani walimwita Sindano. Alikuwa mwembamba, alikuwa mshonaji wa nguo, na maneno yake yalichoma. Mume wake alikuwa mchomeleaji wa vyuma. Yeye walimwita Cheche. Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa cha cherehani. Uani ndipo Cheche alipotengenezea mageti na madirisha.

Siku moja dereva wa lori alikuja kushonewa shati. Sindano alimpima mkono, kutoka begani hadi kwenye kifundo. Kwenye kifundo kulikuwa na saa ndogo. Uso wa saa hiyo ulikuwa umegeuka rangi, kama chai ya maziwa. Sindano akasikia: tik, tik, tik.

"Kaka, saa hii inatumia betri gani?"

"Haina betri, dada. Ni ya kutia ufunguo. Kila asubuhi nazungusha hiki kitufe cha pembeni, basi inakwenda mpaka kesho. Saa hii ni kubwa kuliko mimi kwa umri."

Sindano aliinama akaitegea sikio. Alizipenda mashine zinazofanya kazi vizuri. Tangu siku hiyo hamu ikamwingia. Alitaka saa ya zamani, iliyo yake, na baadaye nyingine, na nyingine.

"Saa?" Cheche aliuliza wakati wa kula. "Si una simu?"

"Simu ninayo. Saa ndiyo sina."

"Ya zamani ya nini? Mpya zimejaa madukani."

"Na wewe zile redio mbovu juu ya kabati ni za nini?"

Cheche akatia tonge mdomoni.

Siku ya mapumziko walikwenda soko la mitumba. Muuzaji mmoja alikuwa na saa mezani. Kinywa chake kilikuwa asali tupu.

"Karibu, dada yangu! Hii hapa imekusubiri wewe. Ya zamani, lakini tazama inavyong'aa. Kama imetoka kiwandani jana!"

Kweli iling'aa. Sindano aliivaa, akaipenda, akalipa. Hakuuliza hata swali moja.

Kesho yake saa ikasimama. Ndani ya kioo kulikuwa na ukungu wa maji.

"Imegoma," Cheche alisema. "Labda inadai likizo."

Sindano hakucheka. Alirudi sokoni. Muuzaji yule hakuwa na asali tena. "Mali ikishatoka mezani kwangu si yangu," alisema, akageukia mteja mwingine.

Sindano alirudi nyumbani amenuna. Akashona suruali ya mtu, mguu mmoja mrefu kuliko mwingine. Ikabidi aifumue.

"Achana na mambo ya saa, mke wangu," Cheche alimwambia kwa upole. "Pesa imekwenda, basi."

"Sijashindwa. Sijajua tu. Wewe geti lako la kwanza si lilimwangukia jogoo wa baba?"

"Lilimwangukia."

"Uliacha kuchomelea?"

Cheche akatikisa kichwa. "Haya. Mpelekee Mama Lenzi."

Mama Lenzi alikuwa fundi saa. Chumba chake kilikuwa chembamba, karibu na duka la dawa. Aliitwa hivyo kwa sababu ya lenzi aliyoibana jichoni kutwa nzima. Hakupenda maneno mengi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Lete."

Akafungua mfuniko wa nyuma wa saa. Akatazama. Akaguna.

"Njoo uone mwenyewe," alisema, akampa lenzi. "Mtambo huu si wa kasha hili. Wameushindilia plastiki ili usicheze. Hapa pekundu ni kutu. Maji yaliingia zamani. Sasa geuza, tazama uso. Unaonaje herufi?"

"Hii imenenepa. Hii imekonda. Na mstari umepinda."

"Basi uso umepakwa rangi upya, tena kwa mkono wa haraka. Ndiyo maana unang'aa."

"Inatengenezeka?"

"Inatengenezeka. Lakini utalipa zaidi kuliko ulivyonunulia, na bado itakuwa saa ya viraka."

Sindano alihisi machozi yakipanda. Akayameza.

"Mama, nifundishe kuchagua. Sitaki kutapeliwa tena."

Mama Lenzi alitoa lenzi nyingine, akaifuta kwa kitambaa, akampa Sindano iwe yake. "Wengi huja hapa kulalamika. Wewe unataka kujua. Vuta kiti."

Sindano akakaa. Mama Lenzi akaanza.

"Kwanza, usipende saa kabla hujaijua. Shika nyingi, nunua moja. Uso uliochakaa kwa haki ni bora kuliko uso uliopakwa rangi. Kioo na mkanda si kitu, vinabadilishwa. Uso ukiharibika, na mtambo ukila kutu, hapo kuna kazi."

"Kama nguo ya mtumba," Sindano alisema. "Naigeuza, natazama mshono wa ndani."

"Hasa! Na saa mwambie muuzaji aifungue. Akikataa, jiulize anaficha nini. Jaza ufunguo taratibu. Unatakiwa uzunguke laini, bila kukwaruza. Vuta kitufe, sogeza mishale, uone kama inatii. Halafu itegee sikio. Mlio uwe sawasawa, usichechemee."

"Na nikiona maandishi ya kampuni maarufu?"

"Maandishi yanaandikwa na yeyote. Kwa kuanzia, chukua saa ya kawaida ambayo vipuri vyake vinapatikana. Mchunguze na muuzaji. Muulize aliipata wapi, na mara ya mwisho ilisafishwa lini. Mwaminifu husema hata, 'Sijui.' Na jambo moja la hatari. Saa nyingine kuukuu zina rangi ya kung'aa gizani yenye mionzi. Usizifungue mwenyewe, wala usiikwangue rangi hiyo. Niletee."

Sindano alirudi tena na tena. Kila alipokwenda kununua nyuzi, alipita kwa Mama Lenzi. Alishika saa nzima na saa mbovu. Alikosea, akasahihishwa, akauliza tena.

Kisha akaanza kutafuta. Sokoni, muuzaji mwingine alimwekea saa ya dhahabu kiganjani.

"Naomba uifungue, nione ndani."

"Aa, dada, ukifungua vumbi litaingia. Chukua haraka, kuna mzee anakuja kuifuata jioni."

Cheche alimgusa mke wake. "Chukua, bwana. Inang'aa hiyo!"

"Hata sufuria inang'aa," alijibu Sindano. Akairudisha mezani. "Mzee akija, mpe. Ni riziki yake."

Walipita meza zote wakarudi mikono mitupu. Walikwenda tena wiki iliyofuata, wakarudi vilevile. Cheche alichoka. Sindano hakuchoka.

Siku moja mteja alimwambia kuwa mkunga mmoja mstaafu anauza saa yake. Sindano akaenda. Mkunga alimpokea sebuleni. Mikono yake ilitetemeka.

"Nilihesabia mapigo ya moyo kwa saa hii," mkunga alisema. "Watoto wengi wamezaliwa mbele yake. Sasa vidole vyangu haviwezi kuijaza. Imekaa tu."

Ilikuwa saa ya chuma, ndogo, yenye mikwaruzo. Uso wake ulikuwa na madoa ya uzee.

"Ilisafishwa lini, mama?"

"Zamani. Sikumbuki. Na nikisema kweli, inachelewa kidogo."

Sindano aliijaza. Ufunguo ulizunguka laini. Alivuta kitufe, mishale ikatii. Akaitegea sikio.

"Naomba twende nayo kwa fundi kabla sijanunua. Njoo nawe, uwe na mali yako."

"Umesema vizuri," mkunga alisema, akachukua mtandio wake.

Mama Lenzi aliifungua saa. Alitazama kwa muda mrefu. Sindano alishikilia ukingo wa meza.

"Ni yenyewe," Mama Lenzi alisema. "Uso wake, mtambo wake, kasha lake. Haina kutu. Mafuta tu yamekauka. Inahitaji kusafishwa."

Wakaelewana bei pale pale, gharama ya kusafisha ikiwa imefikiriwa. Mkunga aliishika saa mara ya mwisho.

"Utaivaa, au utaifungia kabatini?"

"Nitaivaa, mama. Nikifua nitaivua."

"Basi nenda nayo."

Ilipotoka kwa fundi, saa ilikwenda bila kuchelewa. Sindano aliijaza kila asubuhi. Wateja waliiona, wakauliza, naye akawaeleza. Wengine walimletea saa za babu zao wajue ni za namna gani. Aliyoyajua aliwaambia. Kwa asiyoyajua, aliwapeleka kwa Mama Lenzi.

Asubuhi moja Cheche alisimama mlangoni, akikuna kichwa.

"Mke wangu, nimeona saa moja nzuri kwa jamaa fulani. Nimemwambia naileta pesa mchana."

Sindano alisimamisha cherehani. "Umeiona ndani?"

"Bado."

Sindano aliinuka, akachukua lenzi yake na mkoba.

"Pesa iache hapa," alisema. "Twende tukaitazame kwanza."