Mama Aliyelia kwa Kibembe

Jumanne, saa moja asubuhi, Louise alikuta mlango wa studio yake uko wazi. Kufuli lilikuwa linaning'inia kwenye pete, zima, halina hata mkwaruzo. Ndani kamera ilikuwepo, kompyuta ilikuwepo, betri za paneli zilikuwepo, hata pakiti ya biskuti aliyoiacha mezani haikuguswa. Kilichokosekana ni diski moja nyeusi, isiyozidi kipande cha sabuni, na ndani ya diski hiyo ndimo ilimokuwa filamu yake nzima.

Inspekta Ruphin Kyungu alifika saa tatu kwa miguu, kwa sababu pikipiki ya polisi haikuwa na mafuta. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu, na uchovu wake ulikuwa mkubwa kuliko huo mwaka. Watu husema za mwizi ni arobaini. Kyungu aliwajua wezi wa Kalemie waliomaliza arobaini zao salama, wakajenga nyumba na kuwa wazee wa kanisa. Alikagua kufuli, akatikisa nondo za dirisha, kisha akaomba kiti.

Louise alieleza huku akijizuia kulia. Nakala haikuwepo, diski ya pili ilikufa mwezi uliopita. Filamu ilikuwa ionyeshwe Jumamosi katika ukumbi wa parokia. Ilikuwa hadithi ya kijana wa Moba anayempenda msichana wa Fizi, upande wa kaskazini, wakati vita inapanda na kushuka na pwani ya Ziwa Tanganyika. Bwana harusi anauawa kabla ya ndoa, na mama yake mzazi anateremka ufukweni kumlilia. Kyungu alisikiliza akiwaza kwamba watu waliokimbia vita vyote hivyo sasa wanalipa kiingilio kuviona tena. Lakini hakusema, maana binti alikuwa na huzuni ya kutosha.

Nje, kwenye kivuli cha ukuta, kulikuwa na mama amesimama, kitenge kimefungwa vizuri, viatu mkononi. Louise alimtambulisha: Mama Julienne, aliyehamishwa na vita kutoka Fizi, anakaa kambini Katanika. Katika filamu anatokea mara moja tu, ndiye mama wa marehemu. Alikuwa amesikia habari sokoni akatembea hadi pale.

Kyungu alidhani amekuja kudai malipo yake. Mama akasema alishalipwa zamani.

"Basi filme inakuhusu nini, Mama?"

"Filme za hapa zinafika Uvira, Papa Inspekta, zinafika Kigoma, mpaka kwenye video za vijiji. Miye kuko muntu wangu nilipoteza, sijui eko wapi, siwezi kumuita kwa telefone. Ile sauti yangu njo ilikuwa inaenda kumutafuta."

Hakusema ni mtu gani, na Kyungu hakumwuliza. Katanika kila mtu ana mtu aliyempoteza, na ukianza kuuliza jua litazama bado unaandika. Hilo lilikuwa kosa lake la kwanza.

Kufuli halikuvunjwa, kwa hiyo akauliza habari za funguo. Louise alikuwa na mmoja, na Chérubin, kijana aliyecheza bwana harusi, alikuwa na wa pili. Nyumba yenyewe ilikuwa ya Papa Anatole, mfanyabiashara wa ziwani, mtu mwenye heshima zake. Chumba alikitoa bure, kufuli alinunua yeye, mafuta ya jenereta alitoa yeye, na mtumbwi wake mkubwa wa mota ndio uliotumika katika kupiga picha. Louise alimtaja kama binti anavyomtaja baba yake.

Chérubin alikuwa ametoweka tangu Jumatatu. Tena kulikuwa na sababu: mchumba wake, Princesse, alisema mbele ya kwaya nzima kwamba afadhali filamu ile izame ziwani kuliko yeye kuona mdomo wa Chérubin kwenye mdomo wa msichana mwingine. Ufunguo upo, ugomvi upo, mtu hayupo. Kyungu aliona kesi imekwisha mapema, akafurahi kidogo, na furaha hiyo haikudumu.

Kijana alipatikana katika mji mdogo wa Bendera, kwa mjomba wake anayefanya kazi kwenye mtambo wa umeme. Jumatano mchana alirudi juu ya lori la unga, nyusi nyeupe kabisa. Ufunguo wake ulikuwa shingoni, kwenye uzi pamoja na msalaba. Mjomba na wenzake wa zamu walithibitisha kwa simu kwamba alilala kwao Jumatatu.

"Nilimukimbia Princesse, Papa," alisema. "Polisi sikumukimbia."

Kyungu alimwamini. Alimpa maji, wakazungumza juu ya filamu. Chérubin alisema siku ya kupigwa picha kama maiti ilimtisha. Mama Julienne alipewa maneno ya kusema kwa Kiswahili, akayaacha yote, akalia kwa Kibembe, lugha ya kwao Fizi, mpaka mwisho. Alimlilia kama mtoto wake wa kuzaa. Hakuna aliyeelewa neno, lakini Louise alikataa kukata. Wiki hii hii angekuja katekista mmoja anayejua lugha hiyo, atafsiri, maandishi yawekwe chini ya picha.

Aliyefuata ni Jean-Baptiste, mwenye banda la video, aliyekuwa amejigamba kwamba atakuwa wa kwanza kuonyesha filamu hiyo mjini. Kyungu alipekua banda na kukuta mapenzi ya Kigoma, vita vya Wachina na vumbi. Jean-Baptiste alisema hana haja ya kuiba, kwa kuwa Louise alishamwahidi nakala ya Jumapili, na Louise akakubali kwamba ni kweli. Kesi ikabaki bila mtu.

Alhamisi, saa nne, Kyungu alikwenda kwa Papa Anatole, kwenye depo yake ya ndagala, dagaa wa ziwani, pale ufukweni. Mzee alimkaribisha kwa soda baridi. Alisikitika kwa maneno mazuri. Yeye ni Mtabwa wa Moba, alisema, biashara yake ni Moba na Kalemie tu, upande wa kaskazini hajawahi kukanyaga, lakini alipenda watoto wa mji wafanye kitu. Jumamosi iliyopita Louise aliwaonyesha wote vipande vya filamu pale studio, naye alikuwepo.

"Sikufika mwisho," alisema. "Ule mama alipoanza kulilia bwana yake, nilitoka inje. Roho yangu haiwezi hizo vitu."

Kyungu aliuliza kufuli lilikuja na funguo ngapi. Mbili, alijibu Anatole bila kusita. Inspekta akamaliza soda, akashukuru, akaondoka.

Nyumbani kwa Kyungu kulikuwa na kufuli la aina hiyo hiyo, na lilikuja na funguo tatu. Lakini ufunguo si sababu. Kwa nini mtu aibe filamu aliyoilisha mwenyewe? Alikuwa amefika kwenye daraja la mto Lukuga, ameshika ukingo ili apumzishe goti, ndipo maneno ya mzee yalipomrudia. Alisimama pale mpaka wapita njia wakamdhania mgonjwa. Kisha, badala ya kwenda nyumbani kula, akapanda pikipiki ya abiria kwenda Katanika.

Mama Julienne alikuwa anachambua mboga. Kyungu akakaa kwenye ndoo na kumwuliza swali ambalo alipaswa kuliuliza Jumanne: siku ile alikuwa anamlilia nani?

"Bwana yangu," alisema. "Asukulu."

"Nani anajua?"

"Hakuna. Nililia kwa Kibembe. Kwetu maneno ya kilio hayashitakiwe, unaweza kusema yote. Ya moyo nilisemea mule."

Kisha akayatoa. Siku vita ilipofika Yungu, kijiji chao cha Fizi, alikimbilia ufukweni na watoto wawili, akakuta mtumbwi wa Asukulu umeshaondoka, umejaa watu wengine. Yeye na watoto walijificha porini, wakatembea kwa miguu. Miaka saba alimngoja Asukulu alete habari. Siku ya filamu waliambiwa wakae ndani ya mtumbwi wa Papa Anatole, akapitisha mkono chini ya ubao wa nyuma, akagusa mfuniko wa kopo la maziwa uliopigiliwa misumari kuziba ufa. Yeye ndiye aliyeshika taa wakati Asukulu anaupigilia. Rangi ilikuwa mpya lakini mfuniko ulikuwa ule ule.

"Nikamulilia: Asukulu, mutumbwi yako imefika, wewe uko wapi? Ulituacha kwenye muchanga, ukavuka na watu ya wengine."

"Kwa nini hukumwuliza Papa Anatole?"

Aliinamia mboga zake. Alidhani Asukulu aliuza mtumbwi, labda akaoa kwingine. Aliona haya kuuliza wanaume habari za mume aliyemtoroka, na aliliogopa jibu.

Ijumaa, saa tisa, Kyungu aliwaleta Louise na Mama Julienne deponi, pamoja na polisi wawili. Mtumbwi ulikuwa umevutwa mchangani. Anatole alitoka akitabasamu, akamwona mama, tabasamu likabaki usoni bila kazi.

"Louise," alisema Kyungu, "katika filme, ule mama analilia nani?"

"Mutoto wake," alijibu Louise akishangaa. "Wote tunajua."

"Papa Anatole jana aliniambia analilia bwana yake. Mutabwa wa Moba, asiyefika kaskazini, alisikia Kibembe kupita sisi wote." Kyungu hakupaza sauti, hakuwa na nguvu za kupaza. "Ufunguo wa tatu uko wapi, Papa?"

Anatole alitazama polisi, akatazama ziwa, akaona pote hakuna pa kwenda. Aliingia ndani na polisi mmoja nyuma yake, akarudi na diski imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Alisema alikwenda nayo kwenye maji mara mbili aitupe, mkono ukakataa. Katekista angetafsiri, kila mtu angejua mtumbwi ni wa nani, na angeulizwa mwenyewe yuko wapi.

"Yuko wapi?" aliuliza Mama Julienne. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumsemesha.

Mzee akakaa kwenye ukingo wa mtumbwi, kisha kama ameungua akasimama.

"Nilikuwa Yungu kununua samaki," alisema. "Risasi zilianza, mutumbwi ilikuwa moja. Watu wakapanda. Yeye alishika kamba, akakataa kuachilia. Anasema hatutoke mpaka bibi yake na watoto wafike. Kila muntu analia twende, yeye anasema bado, bibi yangu anakuya. Nikamupiga na kasia kwenye mikono. Akaanguka, na wale wa bunduki walishafika. Risasi ilimukuta mule kwenye maji. Nilisema vita ikiisha nitarudisha mutumbwi. Vita haikuisha, biashara ikaanza."

Kyungu alifikiri jinsi kesi ya diski ilivyokuwa nyepesi, na jinsi hii nyingine ingemlemea kila mwendesha mashitaka, kwa umbali wake, kwa miaka yake, kwa kukosa maiti. Hata hivyo aliwaambia polisi wamfunge pingu, na kwamba ataandika yote mawili. Kama Mama Julienne asingeibiwa kilio chake, mtu yule angekufa akiheshimiwa.

Louise alikuwa ameikumbatia diski kifuani, machozi yanamtoka, hajui aseme asante au pole. Mama Julienne hakulia. Alikuwa amekaa mchangani, miguu imenyooka, anautazama mtumbwi kama mtu anayesoma kitu kwa taabu. Miaka saba alilala na hasira ya mwanamke aliyeachwa, na sasa hasira ile haikuwa na pa kukaa.

Kyungu akampa mkono ainuke, akasema atamtafutia gari la kumrudisha.

"Papa Inspekta, twende wote," alisema. "Watoto niliwaambia baba yao alitutoroka. Wa kwanza hataki hata kusikia jina yake. Wewe njo utawaambia. Miye hawataniamini, niliwafundisha vizuri sana."